Supagluu kando ya ziwa: jinsi ninavyoichagua na kuihifadhi kwa kazi ya modeli

Anayeunda modeli za meli mjini Entebbe huishi na unyevunyevu karibu mwaka mzima. Ziwa Victoria liko jirani, mvua za Machi hadi Mei hupumzika kidogo kisha zile za Septemba hadi Novemba zikafika, na hata katika miezi ya kiangazi kuna asubuhi ambazo vioo vya dirisha huwa vimelowa. Mbao, rangi na karatasi huvumilia hali hii, lakini supagluu haivumilii, kwa kuwa yenyewe haigandi kwa kupoteza maji, jinsi gundi nyeupe ya seremala inavyofanya, bali hugeuka kuwa kitu kigumu pale inapokutana na unyevu. Miaka niliyotumia kuunda meli na boti za uvuvi za kuweka mezani imenishawishi kwamba jina lililochapishwa kwenye mrija lina uzito mdogo kuliko mambo mawili: umri wa gundi siku ninapoinunua, na mahali inapolala baada ya kununuliwa.

Kikemia gundi hii huitwa sianoakrilati. Mwaka 1942 Harry Coover na wenzake katika kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, wakakiweka kando kimiminika hiki kwa sababu kilinata kwenye kila walichokigusisha. Kilirudi mikononi mwao mwaka 1951, katika utafiti wa plastiki za kustahimili joto kwa ajili ya vifuniko angavu vya vyumba vya marubani wa ndege za jeti, pale Fred Joyner alipopaka tone kati ya prizimu mbili za kifaa cha kupimia jinsi mwanga unavyopinda, na prizimu zile zikakataa kuachana. Mwaka 1958 kikaingia sokoni kama gundi. Tabia iliyowakera mwanzoni ndiyo tunayoilipia leo, nayo ndiyo inayoiharibu gundi ikiwa bado ndani ya chupa: utando mwembamba wa maji usioonekana, ambao hukaa juu ya karibu kila kitu kilichoachwa hewani, unatosha kuziunganisha molekuli zake katika minyororo mirefu. Ili isigande kabla ya kuuzwa, watengenezaji hutia kiasi kidogo sana cha kitu chenye asidi ambacho huizuia kuanza. Kwa hiyo chochote chenye asidi huichelewesha, na chochote chenye tabia ya magadi huiharakisha. Nilipolielewa hilo, mengi niliyokuwa nikiyaona mezani bila kuyajua sababu yalinifungukia, ikiwa ni pamoja na kwa nini baadhi ya mbao hushika polepole kuliko plastiki, kwani mbao nyingi zina asidi ya asili.

Gundi nyingi ninayotumia hutoka Kampala, katika maduka ya jumla ya Kikuubo. Siinunui kwa wachuuzi wa kituo cha teksi, ambao hutundika mirija kwenye kadi na kutembea nayo juani kutwa. Siwalaumu, kwa maana wateja wao wakubwa ni mafundi viatu, na fundi viatu hufungua mrija na kuumaliza kabla ya jioni, wala hana haja ya kujua kama utakuwa hai mwezi ujao. Mimi nahitaji mrija unaoweza kusubiri hadi nitakapofikia kazi ya vyuma vya sitaha, hivyo najali ulikaa wapi kabla yangu. Joto na mwanga huizeesha gundi hata kama haijafunguliwa, na mirija mingi ya bei nafuu haina tarehe yoyote ya kukuongoza.

Palipokosekana tarehe, vidole ndivyo vinavyoamua. Mama mmoja wa Kikuubo ambaye nimezoea kununua kwake ananifahamu kwa usumbufu huo.

“Mama, naomba boksi ambalo halijafunguliwa.”

“Zote ni mpya, mwanangu. Zimeingia juzi.”

“Nakuamini, Mama, ila niruhusu nizibonyeze kwanza.”

“Bonyeza. Lakini ukipasua, umenunua.”

Mrija wa alumini wa gramu 3 hujieleza vizuri ukiupitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kuanzia mkiani hadi shingoni. Ulio na gundi nzima hubonyea kwa ulaini uleule kote, na unasikia kimiminika kikisogea mbele ya kidole. Ulioanza kuzeeka una sehemu inayokataa, mara nyingi karibu na shingo au kwenye mkunjo wa mkiani, mahali ambapo hewa hupenya kwanza. Ukikutana na kigumu hata cha ukubwa wa punje, rudisha mrija huo kwenye boksi. Kwa chupa za plastiki nyeupe naishika juu dhidi ya mwanga na kuiinamisha. Gundi nyepesi inatakiwa kukimbia mara moja, na ikiwa inajivuta kama asali ilhali lebo inasema ni nyepesi, basi imeshaanza kuungana yenyewe kwa yenyewe, na unachouziwa ni mabaki ya maisha yake.

Chupa kubwa ya gramu 20 au 50 huvutia kwa sababu bei ya kila gramu huwa chini. Kwa fundi wa fanicha anayemwaga gundi kutwa, hesabu hiyo ni sahihi. Kwa modeli si sahihi hata kidogo, kwani kazi ya jioni nzima huweza kutumia matone machache tu, na kila ukifungua kifuniko unaingiza hewa ya Entebbe ndani ya chupa, kisha unaifungia humo pamoja na gundi yako. Mirija kumi midogo ina vinywa kumi vilivyozibwa na kiwanda. Nitakubali kulipa zaidi kwa ajili ya mihuri hiyo.

Uzito wa gundi, yaani jinsi inavyotiririka, nao unahitaji kufikiriwa kabla ya kwenda dukani, ingawa kwa kweli sokoni kwetu uchaguzi ni finyu: mirija mingi ya alumini ina gundi nyepesi, na ile nzito ya jeli huonekana zaidi kwenye rafu za supamaketi au kwenye mikoba ya ndugu wanaorudi kutoka nje. Hizi mbili hazifanyi kazi moja. Nyepesi hutumika pale ambapo vipande vimeshakutana vizuri. Katika modeli yangu ya MV Kabalega, ile meli ya kuvusha mabehewa ya treni iliyozama ziwani mwaka 2005 baada ya kugongana na MV Kaawa, vyuma vya pembeni mwa sitaha nilivitengeneza kwa nyaya za shaba zilizotoka ndani ya mota iliyoungua. Nilizipanga kavu kwenye vitundu vyake, nikazinyoosha kwa kibano, kisha nikachovya ncha ya sindano kwenye gundi nyepesi na kuigusisha shina la waya. Ukiwa na miwani ya kukuzia unaona mstari unaong’aa ukizunguka waya, ukishuka ndani ya tundu na kupotea, na kabla hujainua sindano waya umeshika. Huwezi kuifanya kazi hiyo kwa jeli, ambayo ingeacha kinundu kwenye kila nguzo. Jeli ni ya mahali ambapo kipande kinasimama wima, au hakikukaa sawasawa, au unahitaji nafasi ya sekunde kadhaa za kukisogeza kabla hakijakataa.

Nisipokuwa na jeli na pengo ni kubwa, hutumia magadi soda. Naujaza unga huo kwenye ufa, nausawazisha kwa wembe, halafu nadondosha gundi nyepesi juu yake. Hugeuka jiwe papo hapo, kwa joto la kuhisiwa na moshi kidogo ambao haufai kuvutwa puani. Iwe magadi soda yenyewe na si beking pauda, ambayo imechanganywa na asidi na wanga, na asidi, kama nilivyokwisha kusema, ndiyo breki ya gundi hii. Pia usiuache mchanganyiko huo hadi kesho ndipo uupige msasa, kwa kuwa ukikomaa huwa mgumu kuliko mbao au plastiki iliyouzunguka, na msasa utakula modeli ukiacha kinundu kikiwa kimesimama palepale.

Kiasi ni suala ambalo wageni wa kazi hii hawaliamini hadi waone. Tone moja linatosha inchi moja ya mraba, na utando mwembamba hushika haraka na kwa nguvu kuliko tabaka nene, kwa sababu unyevu wa kuigandisha uko kwenye nyuso za vipande na si katikati ya gundi. Ukimwaga nyingi, sehemu ya ndani hubaki mbichi na kuendelea kutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaozaa ukungu mweupe unaoonekana kuzunguka maungio siku inayofuata. Huku kwetu ziwani ukungu huo huja kwa urahisi, kwani mvuke unagandia hewani penye unyevu mwingi na kutua juu ya modeli. Nafungua madirisha ya pande zote mbili, nauelekeza mkondo wa hewa utoke kwenye kazi na si kuelekea kwayo, na kwa madirisha ya chumba cha nahodha situmii supagluu kabisa. Vioo vya plastiki angavu nabandika kwa gundi nyeupe ya seremala, ambayo hukauka angavu na haitoi mvuke wa kuvitia mtoto wa jicho.

Kuna plastiki ambazo hazishikiki, na ni afadhali kuzijua kabla ya kukata. Dumu la maji, kifuniko cha chupa ya maji na kaveera, yaani mfuko mwepesi wa plastiki, ni jamii ya poliethilini, na supagluu hubanduka juu yake ikiwa nzima; ndiyo maana chupa za gundi yenyewe hutengenezwa kwa plastiki hiyo. Polipropilini ina tabia hiyohiyo. Kwa upande mwingine, fremu ya plastiki inayobaki ukishatoa laini ya simu hushika vizuri sana, nami nimetengeneza milango na ngazi nyingi kwa fremu hizo. Kipande cha dumu la zamani hakikosekani mezani pangu, lakini kama kibao cha kudondoshea gundi: natumia ninachohitaji kwa sindano, kinachobaki kinaganda, nakikunja kibao na ganda linaruka lenyewe. Povu jeupe la kufungashia vifaa vya umeme nalo ni hatari ya namna yake, kwa sababu supagluu ya kawaida hulila na kuacha shimo.

Tena supagluu haifai kila kiungo hata pale inaposhika. Inastahimili vizuri ukiivuta moja kwa moja, lakini ni kavu na dhaifu ikipigwa pembeni, hivyo mlingoti ulioshikwa kwa tone peke yake huanguka mtoto akiugonga kwa kiwiko. Mahali pa mzigo natoboa tundu na kupitisha kijiti cha waya, au natumia epoksi, ile gundi ya sehemu mbili za kuchanganya.

Suala la kuhifadhi lina ubishi zaidi kuliko kununua. Watengenezaji wengi wa gundi za viwandani hushauri gundi ambayo haijafunguliwa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, yaani ndani ya friji ya kawaida, na ikikaa hapo huishi kuliko ile iliyoachwa kabatini. Ubishi unaanza mrija ukishafunguliwa. Wapo wanaosema friji huiharibu, na wanachokiona ni kweli ingawa sababu wanayoitoa si yenyewe. Chukua mrija uliotoka kwenye ubaridi, uweke mezani Entebbe saa nne asubuhi, uutazame: ndani ya dakika chache shingo yake imejaa vitone vya maji, kama vile unavyoviona kwenye chupa ya soda baridi, na ukifungua kifuniko wakati huo maji yanaingia mdomoni mwa mrija. Ubaridi haukuua gundi. Iliuawa na haraka.

Kwa hiyo mirija yangu mizima iko ndani ya mtungi wa kioo wenye kifuniko cha kukaza, na mtungi ndio unaoingia kwenye friji. Siku ya kazi nautoa mtungi ukiwa umefungwa, nauacha mezani saa kadhaa hadi kioo chake kisihisiwe baridi na umande wa nje ukauke, ndipo naufungua na kutoa mrija mmoja. Mtungi una faida nyingine kwetu. Umeme ukikatika mchana mzima friji hupanda joto, ukirudi hushuka tena, na katika kupanda na kushuka huko maji hujikusanya juu ya kila kilicho wazi ndani yake. Mtungi uliokazwa hausikii mabadiliko hayo isipokuwa joto lenyewe, ambalo kwa saa chache halina madhara makubwa.

Ndani ya mtungi, chini kabisa, naweka vifuko vya silika jeli, vile vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, ambavyo wenye maduka ya viatu huvitupa na hawakunyimi ukiomba. Navyo hushiba. Kila baada ya muda namwaga punje zake kwenye kikaango cha zamani ambacho hakipikiwi tena chakula, nazipasha juu ya moto mdogo hadi zikauke, kisha nazifunga kwenye kitambaa chepesi na kuzirudisha zingali na uvuguvugu. Wanaotumia mchele badala yake wanapoteza mchele. Hauvuti unyevu kwa kiwango cha kusaidia.

Mrija uliofunguliwa haurudi kwenye friji yangu. Unakaa kwenye mtungi wa pili, mdogo, wenye silika yake, kwenye rafu ya chini ya chumba kisichopigwa na jua la mchana, nao husimama wima ili gundi isilale shingoni. Kabla ya kufunika nauinua mdomo juu, nautikisa kidogo ili tone lililobaki lirudi ndani, nafuta ncha kwa kipande cha kaveera, na hapo tu ndipo kifuniko kinarudi. Usiache pini ndani ya tundu ukidhani unalizuia lisizibe, kwa sababu pini hubaki humo. Na usiihifadhi gundi pamoja na kiharakisha cha kupulizia, ile dawa ya kuigandisha upesi, au kopo la magadi soda kwenye chombo kimoja; mvuke wa kiharakisha pekee unaweza kuanza kuigandisha kupitia kifuniko kisichokazwa sawasawa.

Mtungi wa friji una maandishi makubwa na picha ya jicho lililopigwa mstari. Si mapambo. Chupa ndogo za supagluu zinafanana mno na zile za dawa ya macho, na hospitali katika nchi mbalimbali zimepokea watu waliojidondoshea gundi wakidhani ni dawa. Nyumba yenye mzee anayetumia dawa ya macho inayotunzwa kwenye friji isiweke viwili hivyo rafu moja, na ingefaa gundi isiwemo kabisa. Gundi ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi ya uvuguvugu bila kulazimisha kope zifunguke, kisha nenda hospitali. Vidole vilivyogandana havivutwi. Vilowekwe kwenye maji moto ya sabuni na kuviringishwa taratibu hadi viachane, au vipakwe asetoni ya kutolea rangi ya kucha, ambayo kamwe haisogezwi karibu na macho. Kuhusu pamba, sisemi kwa kubahatisha: gundi ikimwagikia pamba, glavu za pamba au suruali ya pamba kwa wingi, joto linalotokea linaweza kuunguza ngozi na hata kutoa moshi. Nafanyia kazi hii nikiwa nimejifunika aproni ya plastiki mapajani.

Rafiki yangu mmoja anaunda mabasi ya abiria huko Gulu, na ushauri wangu mwingi hauna maana kwake kati ya Desemba na Februari, wakati upepo mkavu unapovuma na hewa haina unyevu wa kutosha. Gundi inayoshika Entebbe ndani ya sekunde chache ilikuwa ikimchelewesha hadi akadhani nimemtumia kuukuu. Dawa yake ni kupumulia juu ya kipande kabla ya kukibandika, kwani pumzi hubeba unyevu unaotosha. Tatizo lake jingine ni njia inayopita gundi ninayomtumia: mfuko uliowekwa nyuma ya kioo cha mbele cha basi hupikwa na jua kutoka Kampala hadi Gulu, hivyo namwomba kondakta aweke boksi langu chini ya kiti, kwenye kivuli, pamoja na mizigo ya chakula.

Mirija iliyokufa nusu haifai kutupwa kwenye jaa ikiwa hivyo, kwa sababu watoto na waokota chuma hufungua kila kitu. Naukata mkia, nakamua kilichobaki ndani ya kopo lenye maji, nakiacha kigande usiku mzima, na asubuhi ganda na alumini vinakwenda kila kimoja mahali pake.